Sindano ya Marehemu na Ndege Iliyokataa Kupanda

Leo nimejivua nguo mbele ya watu sabini, na nguo zote nilikuwa nimezivaa.

Nimefika Dar es Salaam salama, kwa binti yangu. Asanteni mliouliza. Ambaye hakuuliza namjua. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa sababu habari hii itafika huko kwetu Buyenzi, Bujumbura, kabla sijamaliza kunywa chai, na bora mnisikie mimi kuliko kumsikia Bwana Salum wa duka la vitambaa. Alikuwa kiti cha pembeni yangu ndani ya ndege. Atawaambia yeye alikaa kimya. Hakukaa kimya. Nitafika huko.

(Zawadi, najua umeshaanza kutuma vile vichwa vya njano vinavyocheka mpaka machozi. Weka simu chini. Soma kwanza.)

Wote mnaijua ile saa iliyo ukutani kwangu, juu ya redio. Mnaiita saa, lakini si saa. Ni kipimo cha ndege. Marehemu mume wangu, Mzee Kasimu, alikuwa fundi wa vipimo pale uwanja wa ndege miaka mingi. Siku anastaafu wakampa hicho, kimetolewa kwenye ndege kuukuu iliyokuwa inavunjwa vipuri. Kina uso mweusi, namba nyeupe, na sindano mbili, ndefu na fupi. Hakina betri. Hakina waya. Ndani kuna kikopo cha bati jembamba kama ganda la kitunguu. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, kikopo kinavimba, sindano zinazunguka. Ndefu inahesabu mamia ya futi, fupi inahesabu maelfu. Basi. Mi niliacha shule darasa la tatu, lakini hicho nakisoma kuliko navyosoma jina langu.

Pale Buyenzi inasimama mbili na nusu, yaani futi elfu mbili na mia tano na kitu. Hali ya hewa ikibadilika, ile ndefu inasogea kidogo. Ndiyo maana mnakuja kuniuliza kama muanike muhogo. (Inakosea mara nyingi. Sijawahi kuwaambia. Leo ni siku ya kusema yote.)

Na kila asubuhi, baada ya swala, nakigonga kioo chake mara mbili kwa kidole. Ndivyo alivyofanya Kasimu maisha yake yote. Alikuwa akiniambia: "Ukigonga ikiruka, ilikuwa imesinzia. Isiporuka, inasema kweli."

Hayo maneno myashike. Ndiyo yaliyonimaliza.

Sasa Aziza. Mjukuu wangu, nimemlea tangu ana miaka minne, mnamjua alivyokuwa akipanda juu ya mabati ya msikiti kufuata mpira. Leo ni rubani. Kopilote, yule wa kiti cha kulia. Miezi mitatu iliyopita alikuja kuniaga kwa safari yake ya kwanza ya kubeba watu. Shati jeupe, mistari begani, kofia kwapani. Akapiga magoti kwenye mkeka wangu ili nimuwekee mkono kichwani na nimsomee Fatiha, kama tunavyomfanyia kila mtu wa nyumba ile anayesafiri.

Mi nikakunja mikono.

"Ndege yako iko na sindano ngapi?"

"Sindano gani, bibi? Siku hizi ni ekra. Ekra kubwa, za rangi, kama televizheni."

"Umeme ukikatika?"

"Ndege iko na umeme wake."

"Hata harusi ya binti ya Zawadi ilikuwa na umeme wake."

(Zawadi, samahani. Lakini tulikula pilau tukipapasana mikono.)

"Bibi, ekra ziko tano. Moja ikizima, zingine zinabaki."

"Zote zinakula umeme mmoja?"

Akahamisha kofia kwapa la pili. Nikaona nimeshinda.

"Sikuwekei mkono mpaka nione sindano," nikamwambia. "Babu yako alikuwa anatengeneza sindano. Hakutengeneza televizheni."

Akaondoka bila mkono wangu. Tangu siku hiyo, kila akiwa na safari anakuja, anapiga magoti, ananiangalia, anainuka. Anacheka, lakini macho hayacheki. Msinihukumu. Mkono si mchezo. Ukiuweka umesema mbele ya Mungu kwamba moyo wako umetulia. Wangu haukutulia, ningesemaje uongo? (Na jambo lingine hamkulijua: kila akiruka, mi sili kitu mpaka apige simu kwamba ametua. Mlidhani ni sukari imenikondesha.)

Basi binti yangu wa Dar akajifungua. Aziza akaniletea tiketi, na akaniambia ndege hiyo yeye ndiye kopilote.

"Utakuja kuona mwenyewe, bibi. Lakini nakuomba kitu kimoja."

"Sema."

"Usiambie mutu kama we ni bibi yangu. Kapiteni ni mukali, na mi bado mupya. Panda kama abiria wengine, kaa, nyamaza."

"Mi sijui kunyamaza?"

"Bibi."

"Nitanyamaza."

"Unanipa neno?"

"Mutoto, we unaniapisha mi?"

Nikampa neno. Alipotoka, nikakitoa kipimo ukutani, nikakifunga kwenye kitenge cha kijani, nikakitia kwenye mkoba. Kama mjukuu wangu anakwenda juu na televizheni, angalau mtu mmoja humo ndani awe na sindano.

Asubuhi, uwanja wa ndege. Mkoba ukapita kwenye ile mashine ya kuchungulia mizigo. Ukarudishwa. Ukapita tena. Binti wa sare akaufungua kama anayefungua sufuria ya watu.

"Bibi, iko nini hii?"

"Ni urithi."

"Inafanya nini?"

"Inasema urefu."

"Urefu wa nani?"

"Wa mahali uliposimama. Sasa hivi we umesimama futi elfu mbili na mia tano na themanini."

Akaangalia miguu yake. Akamwita mkubwa wake, mwanaume mwenye masharubu meupe. Huyo akakigeuza, akaona jina la Kasimu alilolikwaruza pale nyuma, akaniangalia usoni.

"Hiki ni cha Mzee Kasimu. Mi nilikuwa kijana hapa. Pita, mama."

Nilitaka kulia. Badala yake nikamwambia aingize shati lake vizuri ndani ya suruali. Akaliingiza.

Ndani ya ndege nikapewa dirishani. Pembeni yangu nani? Bwana Salum. Mnamjua, ukoo wao umeuza vitambaa mjini tangu babu za babu zao walipotoka Oman, na yeye hasahau kukukumbusha. Amejipulizia manukato mpaka mhudumu akapiga chafya. Ndevu nyeusi kama kiwi ya viatu, na tumezaliwa mwaka mmoja.

Nikateremsha kile kifuniko cha dirisha. Nikasema jua linanisumbua macho. (Hapakuwa na jua. Niliogopa.)

Aziza akapita kwenda mbele. Akaniangalia kama anavyoangalia kiti. Nilijivuna, na nikaumia.

Ndege ikapiga kelele, ikakimbia, ikaruka. Nikakifungua kitenge mapajani. Sindano zikaanza kutembea. Mbili na nusu. Mbili na mia saba. Tatu. Kumbe kilikuwa kizima! Miaka yote hiyo ukutani, na hakijasahau kazi yake.

Bwana Salum akainamisha shingo.

"Bi Mwamini, hiki si kile cha marehemu?"

"Ndicho."

"Kinasemaje?"

"Tatu na nusu."

"Tatu na nusu ni nzuri?"

"Ni mwanzo."

Kijana wa kiti cha mbele akageuka. "Bibi, sasa?"

"Nne."

"Nne!" akamwambia wa mbele yake. Wa nyuma naye akauliza. Nikajibu. Habari ikawa inapelekwa mpaka mkiani kama matokeo ya mpira. Nne na mia mbili! Nne na nusu! Mama mmoja wa nyuma kabisa akawa anapiga makofi kila nikitaja namba. Mi nilinyamaza kama nilivyoahidi, isipokuwa kwa walioniuliza. (Waliuliza wote. Na nilifurahi, siwafichi. Muda mrefu hakuna aliyenisikiliza bila kutaka jibu la muhogo.)

Tulipofika tano na mia mbili, kengele ikalia. Kapiteni akasema maneno yake kwa Kifaransa. Kisha sauti ya Aziza, kwa Kiswahili, tamu kama ya redio:

"Abiria wapendwa, ndege yetu inaendelea kupanda. Sasa tumepita futi elfu kumi na sita, na chini yetu ni milima ya Mugamba."

Elfu kumi na sita?

Nikaangalia sindano. Tano na mia mbili.

Nikagonga kioo mara mbili.

Haikuruka.

Sasa fanyeni hesabu na mimi, kwa sababu mpaka saa hii nikiirudia naiona imenyooka. Kasimu aliniambia mara mia kwamba milima ile ya juu ya Bujumbura inapita futi elfu nane. Mlima: nane. Sisi: tano. Na mtoto wangu yuko pale mbele anaangalia televizheni, televizheni inamwambia kumi na sita, na yeye anatusomea anachoonyeshwa! Ekra zimemdanganya. Tunakwenda kuingia mlimani kama kisu kwenye papai.

Nililikumbuka lile neno nililompa. Wallahi nililikumbuka. Nikaziba mdomo kwa kitenge. Nikavuta pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

Nikafungua mkanda, nikasimama.

"Aziza! Ekra zinakudanganya! Tuko tano! Vuta juu, mutoto wangu, vuta juu!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Halafu Bwana Salum, yule yule atakayewaambia alikaa kimya, akaruka na kupiga kichwa kwenye sanduku la mizigo:

"Bi Mwamini amesema tano! Tano, jamani! Mlima ni ngapi?"

"Nane!" nikamjibu.

Kama ningekuwa mwanamke tu anayepiga kelele, wangenipuuza. Lakini hawa watu nilikuwa nimewasomea namba tangu chini. Mi ndiye niliyekuwa redio yao. Waliniamini! Mtu mmoja akaanza kumlilia Mungu kwa Kirundi, "Mana weee, Mana yanje!" Mama wa makofi akaanzisha wimbo wa kanisani, na akauanzisha juu sana, hakuna aliyeweza kumfuata. Kijana wa mbele akakumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga. Bwana Salum akapiga shahada mara mbili, akafunika uso, akalia kwa sauti ya kufika mkiani:

"Ya Rabbi nisamehe! Hizi ndevu napaka rangi!"

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Tunajua!"

Mhudumu akaja anashikashika viti. Binti mzuri, midomo myekundu, amepauka.

"Mama, tafadhali, kaa."

"Sikai. Mwambie aangalie sindano."

"Nimwambie nani?"

"Mjukuu wangu! Kopilote! Mwambie bibi yake amesema aache televizheni!"

Ndiyo hapo neno langu lilipovunjika vipande viwili, na vyote nikavikanyaga.

Mhudumu akachukua ile simu ya ukutani, akanong'ona. Nikamwona anasikiliza. Nikamwona anauma mdomo wake ule mwekundu. (Nikadhani ni hofu. Kumbe ni kicheko.)

Kengele ikalia. Sauti ya kapiteni, pole pole, Kiswahili cha mtu wa milimani:

"Abiria, hapa ni kapiteni. Ndege iko sawa kabisa. Hakuna tatizo hata kidogo. Sasa nampa kopilote aongee na… na familia yake."

Wakacheka wachache. Kisha Aziza. Hakuwa na ile sauti ya redio tena. Ilikuwa ile ya mkekani kwangu.

"Bibi."

Nikaitika! Mbele ya watu wote, nikiangalia dari: "Nakusikia!"

"Bibi, sindano iko. Nimeiangalia sasa hivi. Inasema kumi na saba. Nakuomba ufungue dirisha. Halafu ukae, ufunge mukanda."

Miezi mitatu sikuwahi kumsikia akisema sindano iko. Nikakaa. Bwana Salum akapitisha mkono mbele yangu, akapandisha kifuniko mwenyewe.

Milima ilikuwa chini. Chini kabisa. Imekunjamana kama shuka isiyopigwa pasi, na barabara juu yake kama uzi uliodondoka. Hata mawingu yalikuwa chini yetu. Milima haikuwa na habari na sisi.

Ndege nzima ikawa inanisubiri. Ndipo yule kijana wa mbele akageuka, taratibu, kwa adabu zote:

"Bibi, sasa ni ngapi?"

Walicheka mpaka ndege ikatikisika. (Labda ulikuwa upepo. Mi sitaji tena chanzo cha kitu chochote.) Mama wa makofi akapiga makofi. Bwana Salum hakucheka, alikuwa anashika ndevu zake. Nikakifunga kipimo kwenye kitenge, na kilichobaki cha kitenge nikajifunika uso. Mimi! Mimi ninayewakemea kwenye misiba kwamba mtu mzima hapigi kelele!

Safari iliyobaki nilikunywa maji ya aibu. Mhudumu akaja na chai: "Ya maziwa, bibi wa kopilote, au ya rangi?" Wa rangi alikuwa pembeni yangu, lakini nilitikisa kichwa tu.

Na kucheka kwao hakukuniuma sana. Nimeshachekwa. Kilichoniuma ni Aziza. Miezi mitatu tu ya kazi, kapiteni mkali, na bibi yake amesimama kwenye ndege anapiga ukunga kwamba rubani hajui anapokwenda. Mtoto niliyemnyima mkono, sasa nimemwondolea na mkate. Nikawa napanga maneno ya kumwambia huyo kapiteni. Niliyapanga mpaka Dar.

Tukatua. Watu wakashuka, kila mmoja akaniaga. "Tano, bibi!" "Tano!" Nikabaki peke yangu kitini mpaka mhudumu akasema kapiteni ananiita.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao. Mrefu, miwani, mvi masikioni, hatabasamu. Aziza nyuma yake, kofia kwapani, anaangalia viatu.

"Baba," nikasema, "kosa ni langu. Mutoto aliniambia ninyamaze, nikampa neno, nikalivunja. Yeye hana kosa. Kama ni kufukuza, unifukuze mimi."

"Nikufukuze wapi, mama? Si umeshafika?"

Sikujua kama ni utani. Uso wake haukusema.

"Nionyeshe hicho kitu," akasema.

Nikakifungua. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akanyanyua nyusi. Kisha akanivuta ndani. Jamani, ekra ziko kweli. Tano, kubwa, za rangi, nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini katikati yake, pembeni kidogo, kuna uso mweusi wa mviringo, mdogo kama kisosi. Namba nyeupe. Sindano. Na juu kabisa, karibu na kioo cha mbele, dira ndogo inaelea kwenye maji yake kama kokwa la parachichi.

"Hizi ni za akiba," kapiteni akasema. "Umeme wote ukizima, ekra zote zikawa nyeusi, hii haitajua kama kuna kilichozima. Inakula hewa tu. Tunaiangalia kila safari."

Nikamgeukia Aziza. "We si uliniambia hakuna?"

"Nilitaka uone ekra, bibi," akasema, polepole. "Nilisoma miaka mingi kuzijua. Kila siku unaniuliza sindano tu. Nilitaka uniulize na ekra."

Hapo nilinyamaza kweli. Bila kuahidi.

Baadaye nikasema, kwa sababu lazima nijue: "Sasa kwa nini yangu ilisema tano?"

"Kwa sababu ilikuwa inapumua na wewe," kapiteni akasema. "Kule juu hewa ni nyembamba, mutu hawezi kuishi. Kwa hiyo tunafunga ndege, tunajaza hewa ndani, mpaka muone kama muko kilimani tu. Hii yangu iko na mrija unaotoka nje ya bati, inapima hewa ya nje. Yako ilipima hewa ya chumba." Akanionyesha kipimo kingine, kidogo zaidi, upande wa juu. "Hata mi niko na kimoja cha chumba. Ulipopiga kelele nilikiangalia. Tano na mia mbili."

"Kwa hiyo haikusema uongo."

"Hata kidogo. Ni kizima kuliko vingine nilivyowahi kurushia."

Basi. Sindano ya Kasimu ilisema kweli, ekra zilisema kweli, mjukuu wangu alisema kweli, na milima ilikaa mahali pake. Ndani ya ndege nzima aliyekosea ni mmoja, na alikuwa amefunga dirisha. Nimeishi na kitu hicho zaidi ya miaka ishirini, nakigonga kila siku kama namgongea mlango jirani, na sikuwahi kuuliza kinavutia pumzi wapi.

Kapiteni akakiweka changu sambamba na chake, mlango wa ndege uko wazi, hewa ni moja. Sindano zikapishana kwa upana wa uzi. Akakunja kidole, akakigonga kioo changu mara mbili.

"Nani alikufundisha kugonga?" nikamuuliza.

"Kila mutu wa sindano anagonga, mama."

Na hapo ndipo alipotabasamu.

Nikamwambia Aziza: "Kabla ya yote, hiyo ekra ya katikati inafanya nini?"

Akanionyesha. Mstari wa mbingu, mstari wa ardhi, njia imechorwa kama kwa penseli. Sikuelewa nusu. Niliuliza mara tatu, na mara tatu alinijibu, na kila akijibu alikuwa anarefuka.

"Sawa," nikasema. "Piga magoti."

Chumba kile ni kidogo kama jiko langu. Alijikunja kati ya viti viwili, sare yake nyeupe, mabega yamebanwa. Nikamuwekea mkono kichwani. Nikasoma Fatiha yote, pole pole, pamoja na ile miezi mitatu niliyokuwa nadaiwa na mtoto huyu mbele ya Mungu. Akalia kidogo. Mi sikulia. (Nililia.)

Nilipofumbua macho, nikaona kapiteni naye amevua kofia yake na kuinamisha kichwa. Mkristo mzima. Nikamgusa na yeye haraka. Ndiye anayeruka na mjukuu wangu.

"Bibi," Aziza akasema akijifuta, "narudi Bujumbura mchana huu. Leo utakula?"

Kumbe alikuwa anajua.

Nimekula. Wali, samaki, na nusu ya sahani ya binti yangu.

Haya, nimemaliza. Bwana Salum akifika dukani, msimuulize habari za ndege, mumuulize habari za ndevu. Anayetaka kucheka acheke, lakini huyo siku ya kuanika muhogo aangalie mbingu mwenyewe, mi simo. Kile kipimo nimekitundika hapa sebuleni kwa binti yangu, karibu na bahari. Kinasoma sifuri. Nimekiangalia, nikaona ndicho kimo changu cha leo. Nimekigonga mara mbili.

Hakikuruka.